Kabla Hujaipiga Rangi Hiyo Beetle ya Zamani: Stori ya Chungu cha Oili na Namba L87

Wadau, wikendi yoyote ya harusi ukipita Insta utaikuta tu: Volkswagen Beetle ya zamani, imepigwa rangi ya waridi isiyong'aa, maua mbele, bibi harusi kaegemea mlango. Laiki kama zote. Sasa omba wakufungulie kule nyuma ilipo injini. Mara nyingi utakuta kidude cha kung'aa, mviringo kama kopo la kiwi, kimekaa juu ya karbureta. Kwa macho ya kawaida ndinga imetulia. Kwa anayeijua Beetle, hapo vimeshapotea vitu viwili vilivyobeba historia yake: chujio la hewa na rangi iliyotoka nayo kiwandani.

Tuanze na chujio, maana hilo watu wanalitupa bila hata kuuliza.

Mafundi wengi wanaliita eakilina. Lile la asili kwenye Beetle za miaka ya 50 na 60 ni chungu cha bati, kizito, cha vipande viwili vilivyobanwa kwa klipu. Ndani hamna karatasi. Chini kuna oili. Hewa inaingia, inashuka kwa kasi mpaka karibu na uso wa oili, halafu inalazimishwa kugeuka ghafla na kupanda juu. Hewa ni nyepesi, inakata kona bila shida. Punje ya vumbi ni nzito, kona inaishinda, inatumbukia kwenye oili na kuzama. Vumbi laini lililoponyoka linanaswa juu kidogo, kwenye nyuzi zilizolowa oili. Hiyo ndiyo teknolojia yote. Kuisafisha hakuhitaji spea: unafungua, unamwaga oili chafu, unakwangua tope lililoganda, unaosha, unajaza oili ileile ya injini mpaka kwenye alama. Ukizidisha, injini inaivuta na utaanza kufukiza mtaa mzima.

Ujanja wa hicho chungu unaonekana ukikumbuka kwamba injini ya Beetle iko nyuma. Matairi ya nyuma yanatimua vumbi hapohapo inapovutia pumzi. Kwenye lami si kitu. Kwenye barabara zetu za udongo ni kesi nyingine.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyoitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi na tope kwa siku kadhaa, na magari yalitakiwa yawe yaleyale yaliyouzwa dukani. Beetle ya wakati huo ilikuwa na injini ya cc 1131 na nguvu za farasi 25. Piga hesabu: ni kama boda mbili za cc 150 ukizifunga pamoja. Kwa karatasi haikustahili hata kutajwa. Lakini Beetle ilishinda Safari mwaka 1954, ikarudia 1957, na tena 1962. Madereva waliokuwa ndani wamesifiwa vya kutosha, leo tuwaache wapumzike.

Sisemi chujio ndilo lililoshinda. Injini ile inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuvuja porini, na bodi yake ilikuwa ngumu kweli. Ila vumbi likiingia kwenye silinda linafanya kazi ya msasa: linasaga ringi, linakwangua kuta, na injini inaanza kula oili. Gari lisilopumua vizuri lisingerudi Nairobi likiwa zima.

Ndiyo maana yale makopo ya kung'aa yananikera. Mengi ni wavu au sponji nyembamba. Tena chungu cha asili kina sehemu ya kuchomeka bomba linalotoa mvuke wa oili kwenye injini, na ukiweka kopo lisilo na tundu hilo, bomba linabaki linaning'inia likichafua kila kitu. Unatunza kioo, unaua moyo. Na mtu asiniambie chungu ni ushamba na karatasi ndiyo usasa. Volkswagen wenyewe walihamia kwenye karatasi miaka ya 70, na karatasi nzuri inachuja vizuri tu. Ugomvi wangu ni na urembo unaojifanya chujio.

Haya, rangi. Hapa ndipo ndugu wanagombana.

Rangi za kiwandani za Beetle ziliandikwa kwa herufi L na namba. L ni ya neno la Kijerumani Lack, yaani rangi ya gari. L390 ni Gulf Blue, ile bluu ya bahari ya mchana. L456 ni Ruby Red. L87 ni Pearl White, na hii unaijua hata kama hujui kwamba unaijua: ndiyo ya Herbie, yule Beetle mwenye namba 53 wa kwenye filamu. Wengi wanaotengeneza Herbie wao wanapaka nyeupe ya friji, halafu wanashangaa mbona gari linaonekana kama feki. L87 si nyeupe kabisa. Ina umanjano kwa mbali, kama maziwa yenye mtindi juu.

Rangi inatunza kumbukumbu ambazo kadi ya gari haina. Mwaka 1945, baada ya vita, Waingereza ndio waliokuwa wakisimamia kiwanda cha Wolfsburg, na jeshi lao likaagiza magari 20,000. Hayo hayakuwa ya harusi. Miaka michache baadaye kiwanda kikaanza kusaka wateja wa nje, na rangi za kuvutia zikaongezeka. Kwa hiyo ukikwangua Beetle ukakuta rangi fulani chini kabisa, umepata dokezo la miaka lilipozaliwa na mteja aliyelengwa. Ni kama Ford Model T: watu wanaamini zote zilikuwa nyeusi, wakati weusi pekee ulitawala kuanzia 1914 hadi 1925 tu. Kabla ya hapo zilikuwepo nyekundu, kijani na bluu. Ukipaka Model T ya 1910 nyeusi ukasema umeirudisha kwenye asili, umedanganya.

Utaijuaje rangi ya kwanza? Usianze na boneti, jua limeshaila. Nenda ambako fundi mvivu hakufika: nyuma ya dashibodi, chini ya tangi la mafuta, ndani ya mlango ukitoa bodi yake, chini ya siti ya nyuma. Chukua msasa laini wenye maji, sugua kaeneo kadogo kama sarafu, taratibu. Tabaka zitajitokeza moja moja kama duara za gogo la mti: rangi ya juzi, ya miaka ya 80, puti, ya kiwandani. Vaa barakoa, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Usipoambulia kitu, makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg yamekuwa yakitoa cheti kwa kutumia namba ya chasisi, kinachotaja tarehe gari lilipotengenezwa na rangi yake.

Sasa swali gumu. Chukulia Beetle iliyotoka Ujerumani ikiwa Gulf Blue, ikafika Mombasa, mwenye nayo wa pili akaipiga kijani, na kwa kijani hicho ikasomesha watoto watano na kubeba wagonjwa usiku kwa miaka 30. Wanaoijua mtaani wanaijua kijani. Mtoto wa mwenye gari akitaka kuirudisha bluu, anairudishia historia au anaifuta?

Mimi nipo upande wa kiwanda, lakini kwa sharti moja. Ukipaka upya, acha kipande kidogo bila kugusa, chini ya siti au ndani ya buti, tabaka zote zionekane. Na ule mlango wa chini ya mtaa unaotaka waridi kwa ajili ya harusi, siku hizi kuna karatasi za kubandika juu ya rangi. Sherehe ikiisha unabandua. Chungu cha oili je? Kama fundi wako alishakitoa, mpigie leo kabla hajakipeleka kwa wauza skrepa.