Mwashi wa Glasgow Katika Soka la Lancashire

Miongoni mwa watu wa kwanza kulipwa kwa kucheza soka, Fergus Suter wa Uskoti ndiye ambaye maisha yake yanadhihirisha vizuri zaidi jinsi ajira hiyo ilivyoanza kwa siri kabla ya kutambuliwa na kanuni. Wapo wanaompa nafasi ya kwanza James Lang, Mskoti mwenzake aliyehamia Sheffield mwaka 1876 na kupewa kazi isiyomdai jasho katika kiwanda cha visu, na dai lao lina uzito. Hata hivyo, Suter alipitia karibu kila hatua ya mgogoro ulioligawa soka la Uingereza katika miaka ya 1870 na 1880, na kwa sababu hiyo ndiye anayestahili kuchunguzwa kwa karibu.

Suter alizaliwa Glasgow mwaka 1857, akajifunza uashi wa mawe, na akachezea klabu ya Partick upande wa magharibi wa jiji hilo. Eneo hilo lilikuwa na historia yake katika soka, kwani ni huko, katika uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent, ambako Uskoti na Uingereza zilitoka sare ya bila kufungana tarehe 30 Novemba 1872, katika mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza rasmi baina ya timu za taifa. Waingereza wa wakati huo walicheza kwa chenga: mwenye mpira alisonga nao mbele peke yake hadi anyang'anywe, na wenzake wakamfuata nyuma ili wauokote ukimponyoka. Waskoti, wakiongozwa na klabu ya Queen's Park iliyoanzishwa mwaka 1867, walikuza mchezo wa pasi, ambamo mpira ulihamishwa kutoka kwa mchezaji mmoja hadi mwingine, na kila mmoja alitafuta nafasi iliyo wazi badala ya kumkimbilia mwenye mpira. Ujuzi huo ndio uliokuwa bidhaa ya Suter, na wanunuzi walikuwa Lancashire, mkoa wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza.

Partick walikuwa wamekwisha kuzuru Lancashire na kucheza na timu ya mji mdogo wa Darwen, hivyo watu wa huko walimjua Suter kabla hajahamia kwao mwishoni mwa mwaka 1878, akimfuata James Love aliyekuwa mwenzake huko Partick. Wakati wenyewe unasema mengi, kwa kuwa Oktoba ya mwaka huo Benki ya Jiji la Glasgow ilifilisika na shughuli za ujenzi, zilizowalisha waashi, zikadorora. Alipofika Darwen alifanya uashi kwa muda mfupi tu, kisha akauacha kwa maelezo kwamba mawe ya Kiingereza yalikuwa magumu kuliko ya kwao na yalimvimbisha mikono. Wenyeji walielewa kwamba kijana asiye na kazi inayoonekana lakini asiyekosa riziki alikuwa akilishwa na soka.

Siri hiyo ilihitajika kwa sababu Chama cha Soka, kilichoanzishwa London mwaka 1863, kilikuwa mikononi mwa watu waliosoma katika shule za kitajiri, ambao kwao soka lilikuwa la ridhaa, yaani mchezo unaochezwa kwa mapenzi bila malipo. Mwaka 1882 chama kiliandika kanuni iliyomruhusu mchezaji kurudishiwa gharama zake na ujira alioukosa kwa kuacha kazi siku ya mechi, na kukataza malipo mengine yote. Msimamo huo ulidaiwa kulinda heshima ya mchezo, lakini kwa kweli ulimlinda mwenye mali, ambaye angeweza kufanya mazoezi wiki nzima bila kupoteza hata senti moja, ilhali mfanyakazi wa kiwandani alikuwa huru kuanzia Jumamosi mchana tu.

Tofauti hiyo ilionekana dhahiri Februari 1879, Darwen walipokutana na Old Etonians, timu ya watu waliosoma shule ya Eton, katika robo fainali ya Kombe la FA. Kanuni zilitaka mechi za hatua hiyo zichezwe London, kwa hiyo Darwen, timu ya mji wa wafanyakazi, walilazimika kusafiri kutoka kaskazini. Wakiwa nyuma kwa mabao 5 kwa 1, na muda uliobaki ukiwa mfupi, walirudisha yote na kupata sare ya 5 kwa 5, kisha wapinzani wao wakakataa kucheza muda wa nyongeza. Marudiano nayo yalifanyika London, na michango ya watu wa Darwen ikagharamia safari nyingine. Matokeo yakawa 2 kwa 2. Katika mechi ya tatu, iliyowapeleka London tena, wachezaji waliochoka walifungwa 6 kwa 2, na Old Etonians wakaendelea hadi kutwaa kombe. Ni vigumu kuyatazama matokeo hayo kuwa kipimo cha uwezo wa uwanjani peke yake.

Mwaka 1880 Suter alihamia Blackburn Rovers, klabu ya mji jirani, na watu wa Darwen wakaamini kwamba alikuwa amenunuliwa. Uchungu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mechi baina ya klabu hizo Novemba mwaka huo ilivunjika baada ya watazamaji kuvamia uwanja. Akiwa beki wa Rovers, Suter alicheza fainali ya kombe mwaka 1882, ambayo Old Etonians walishinda 1 kwa 0, kisha akatwaa kombe mara tatu mfululizo: mwaka 1884 na 1885 dhidi ya Queen's Park, na mwaka 1886 dhidi ya West Bromwich Albion baada ya marudiano.

Katikati ya ushindi huo, unafiki wa kanuni ulifika mwisho. Januari 1884 Preston North End waliondolewa katika kombe baada ya kiongozi wao, William Sudell, kukiri waziwazi kwamba waliwalipa wachezaji, na klabu za kaskazini zikatishia kujitenga na kuunda chama chao. Tarehe 20 Julai 1885 Chama cha Soka kiliruhusu malipo, kwa sharti kwamba mchezaji wa kulipwa katika kombe awe amezaliwa au ameishi kwa miaka miwili ndani ya maili 6 kutoka makao ya klabu.

Ligi ilipoanza mwaka 1888, Suter alikuwa amekwisha kupita kilele chake, akacheza mechi moja tu, tena akiwa golikipa. Love alikuwa amekwisha kuliacha soka, akajiunga na jeshi na kufariki Misri mwaka 1882. Suter aliendesha hoteli, na alifariki Blackpool mwaka 1916. Hakuwahi kuitwa katika timu ya taifa ya Uskoti, nchi iliyokataa soka la kulipwa hadi mwaka 1893, na ambayo haikuwaita wana wake waliocheza Uingereza hadi mwaka 1896, miaka kumi baada ya Suter kutwaa kombe lake la tatu.