Cuphead si "Katuni Tu"

Sawa wasee, leo nitawaudhi kidogo. Cuphead naipenda. Nimekufa kwa hiyo gemu hadi vidole vikauma, na bado narudi. Lakini kila nikisema ina historia chungu, jibu ni lile lile: "Zi, hiyo ni katuni tu." Haya, tuanze mwanzo.

Gemu ilitoka tarehe 29 Septemba 2017. Walioitengeneza ni ndugu wawili wa Kanada, Chad na Jared Moldenhauer, walioacha kazi na kuweka nyumba zao rehani ili waimalize. Kila mhusika alichorwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, kama katuni za Marekani za miaka ya 1930. Hapo nawavulia kofia.

Lakini wakosoaji walibishania nini? Ugumu. Hata kabla itoke, video ya mwandishi mmoja akishindwa na sehemu ya mafunzo ilizunguka mtandaoni, watu wakacheka wiki nzima. Kweli, gemu ni ngumu: ukianza, ukigongwa mara 3 umekwisha. Na ukimpiga bosi kwa ile njia rahisi, hupewi mkataba wake, kwa hivyo mwisho wa gemu hutauona. Mimi hilo naona ni kunyima watu kitu walicholipia.

Kelele hizo zikafunika swali kubwa. Hizo katuni za 1930 zilitoka wapi? Kabla yake Marekani kulikuwa na maonyesho ambapo wazungu walijipaka masizi usoni, wakavaa glavu nyeupe na kuwaiga watu Weusi kama wajinga. Mtafiti Nicholas Sammond ameonyesha jinsi wahusika wa katuni walivyorithi glavu hizo na mizaha hiyo. Sasa angalia mikono ya Cuphead.

Halafu kuna Cab Calloway, mwanamuziki Mweusi wa jazi. Mwaka wa 1932 studio ya Fleischer ilimpiga picha akicheza, kisha ikachora mzimu juu ya miondoko yake. Calloway huyo aliimba Cotton Club kule Harlem, ukumbi ambapo wasanii walikuwa Weusi na wateja walikuwa wazungu. Ukimsikiza King Dice akiimba, ni Calloway unamsikia. Kichwa chake lakini ni dadu jeupe.

Mwandishi Yussef Cole aliyasema haya mwaka huo huo wa 2017. Hoja yake ni kwamba ukiondoa zile picha za matusi na kubakisha urembo, historia haijasafishwa, imefichwa tu. Wengi walimwona mharibifu wa raha.

Mimi niko upande wake. Ndugu hawa walifanya vizuri kuacha zile sura za dhihaka, hilo siwanyimi. Ila mtu akitumia sauti na miguu ya babu ya mtu, angalau ataje jina. Kurasa chache tu ndani ya gemu zingetosha, kumweleza kijana anayecheza kwamba huyu alikuwa nani na alitendewa nini.

Sisemi muifute. Ichezeni, mimi mwenyewe leo jioni niko na King Dice. Ila mkimsikia akiimba, mjue ni sauti ya nani. Nyinyi mnaonaje?