Kalkwasser ni maji ya chokaa

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani, awe Berlin au New York, ana pipa moja ambalo watoto hukatazwa kuligusa. Ndani yake mna maji maangavu yaliyotuama juu ya unga mweupe, na usoni pana utando mwembamba, mgumu, unaovunjika vipande ukiguswa kwa kidole. Usiku kucha maji hayo hudondoka tone kwa tone kwenye tangi. Wafugaji wa nchi nyingi, hata wasiojua neno jingine la Kijerumani, huyaita Kalkwasser. Jina lilisafiri pamoja na mafunzo ya Peter Wilkens, aliyeieneza njia hiyo kwa maandishi yake ya Kijerumani tangu miaka ya 1970.

Mwandishi wa Kiswahili akilikuta hushawishika ama kuliacha lilivyo, ama kulivika irabu likawa "kalkiwasa". Sioni haja ya lolote kati ya hayo. Kalk ni chokaa, Wasser ni maji. Maji ya chokaa tunayo tangu shule ya msingi: mwalimu wa sayansi anampa mwanafunzi mrija, anapuliza pumzi ndani ya glasi, maji yanageuka meupe kama tui, na darasa linaambiwa kwamba pumzi ina hewa ukaa. Ule utando juu ya pipa la mfugaji ni jambo lilelile. Hewa ukaa ya chumbani imegusa maji ya chokaa na kugeuka mawe membamba. Ndiyo maana pipa hufunikwa.

Pwani ya Mtwara ina haki zaidi ya kulidai neno hili. Mikindani, na kwingi katika mwambao wetu, chokaa haikutoka mgodini, ilitoka baharini. Maji ya bamvua yakipwa, watu walitoka na mitaimbo, wakang'oa matumbawe na kuyapakia mtumbwini. Ufukweni yalikaushwa, magogo yakapangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa. Lile lilikuwa tanuri, au tanuu kama wengine wanavyoliita. Moto ukishazimika, yale mawe yalimwagiwa maji, yakafuka mvuke na kupasuka, yakawa unga. Unga huo ulipaka kuta, ulipiga niru, ulishikanisha mawe. Boma la Wajerumani la Mikindani, la mwaka 1895, lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika nyumba kuukuu za mji ule, pale plasta ilipobanduka, jiwe bado linaonyesha vishimo vidogo vyenye umbo la nyota. Kila kishimo kilikuwa makao ya mdudu mmoja wa tumbawe.

Sasa hesabu ya tanuri. Tumbawe likikauka karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Ukichoma kilo 100, kilo 44 hupaa kama hewa ukaa, na kilo 56 hubaki kama chokaa isiyozimwa. Ukiizima kwa maji, inanywa sehemu ya maji hayo na uzito unapanda hadi kilo 74 hivi. Hiyo ndiyo chokaa iliyozimwa, na ndiyo iliyo ndani ya pipa la mfugaji. Ikiingia kwenye tangi inaikamata hewa ukaa iliyoyeyuka majini, na tumbawe linachukua kalsiamu na kaboni hiyo kujijengea jiwe lake upya. Kazi ambayo tanuri liliibomoa kwa siku chache, tangi huirudia kinyumenyume, milimita kwa milimita.

Kwa nini tone kwa tone, tena usiku? Chokaa iliyozimwa haiyeyuki sana. Lita moja ya maji hubeba gramu 1.7 tu, na maji yakipata joto hubeba pungufu zaidi, kinyume cha sukari na chumvi. Hata hivyo pH yake hupita 12, wakati maji ya bahari yako karibu na 8.2. Mimina kikombe kizima kwa pupa, na tangi linageuka lile tui la darasani: kalsiamu inaganda majini badala ya kufika kwenye tumbawe. Na usiku, mwani unaoishi ndani ya tumbawe unapoacha kutumia mwanga, hewa ukaa huongezeka na pH hushuka. Chokaa huinua kilichoshuka.

Kwenye tangi dogo unaweza kubadilisha maji ukasahau haya yote. Kwenye tangi kubwa huwezi. Chukua la nyumbani la lita 20,000. Kulijaza mara ya kwanza kunataka chumvi karibu kilo 700, na maji peke yake yana uzito wa tani 20, kwa hiyo fundi wa sakafu anaitwa kabla ya fundi wa samaki. Tuseme hewa inakausha asilimia moja kwa siku. Hizo ni lita 200. Maji yanapaa, chumvi inabaki, basi lazima yarudishwe maji baridi yasiyo na chumvi. Mfugaji mjanja hurudisha maji ya chokaa: kwa lita hizo 200 ametia karibu gramu 340 za chokaa, na kwa mkono huohuo amelinda kiwango cha chumvi. Matumbawe yakiwa mengi hata hiyo haitoshi, zinaongezwa mashine nyingine. Hifadhi ya samaki ya Long Island huko Riverhead, New York, ina tangi la matumbawe la lita 75,000 hivi. Hapo hatuzungumzii tena ndoo na mpira.

Lipo pingamizi moja dhidi ya tafsiri yangu, nalo ni la kweli. Neno chokaa limebebeshwa mizigo mingi. Mwashi anaita chokaa unga wa kupakia ukuta, ambao siku hizi huenda una gundi na rangi. Mwalimu mkongwe anaita chokaa kile kijiti cha ubaoni. Bwana shamba anataja chokaa ya kupunguza tindikali ya udongo, ambayo mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu, halikuchomwa wala halijazimwa, na majini halifui dafu. Mtaalamu wa lishe anasema maziwa yana madini ya chokaa, yaani kalsiamu. Mzee wa tambuu naye ana yake ya kupaka jani, na kwa kweli huyo ndiye aliye jirani zaidi na mfugaji wa Marekani, ambaye hununua chokaa safi ya kutengenezea achari. Lakini dawa ya neno lenye maana nyingi si kukimbilia Ujerumani. Dawa ni kulifunga kwa sifa. Kimiminika kiitwe maji ya chokaa. Unga wake uitwe chokaa iliyozimwa, kwa ukamilifu, kila mara. Kalsiamu iitwe kalsiamu.

Na tangi lenyewe? "Tangi la samaki" halitoshi, kwa kuwa samaki ndani yake ni wapangaji tu. Mvuvi hasemi anakwenda kwenye matumbawe, anasema anakwenda mwambani. Basi ni tangi la mwamba.

Bahari ya Mtwara haihitaji pipa. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unaipiga pwani hii, karibu na mpaka wa Msumbiji, kisha unagawanyika kwenda kaskazini na kusini, ukileta maji mapya yenye kalsiamu kila saa. Mto Ruvuma unaonyesha upande wa pili wa somo. Penye mdomo wake, maji baridi na tope vimeweka mikoko, na mwamba umesimama mbali, kuelekea Msimbati na visiwa vya Namponda na Membelwa, ambako chumvi haichezi. Tangu mwaka 2000 eneo hili la kilomita za mraba 650 ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kung'oa tumbawe humo ni kosa, liwe la tanuri au la sebuleni. Matumbawe magumu yamo pia kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo hayavuki mipaka ya nchi bila kibali. Wala hakuna sababu ya kuchoma tumbawe ili kulisha tumbawe: mawe ya chokaa ya nchi kavu yapo, na Mtwara yanasagwa kutengeneza saruji.

Basi mwenye kuandika mwongozo wa tangi la mwamba kwa Kiswahili aandike maji ya chokaa, na mwenye pipa abandike karatasi inayosomeka: "Maji ya chokaa iliyozimwa. Yanaunguza macho. Usinywe." Atakayesoma Kalkwasser kwenye pipa, Mikindani, hataelewa kwamba ameonywa.