Karanga, Bunduki na Jemadari wa Kichina

Ardhi ya Nachingwea, ambayo msafiri wa kwenda Kilimarondo huiacha nyuma anapoelekea magharibi, iliwahi kupangiwa makuu mara mbili ndani ya miaka 20. Kwanza ilipangiwa karanga, kisha ikapangiwa vita. Wenye karanga walikuwa na fedha, matrekta na dola kubwa mgongoni, na walishindwa. Wenye vita walianza na vijana waliotoroka kwao na bunduki za msaada, na walishinda. Tofauti yao imeelezwa vizuri katika kitabu cha Kichina kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya trekta la kwanza kufika Kusini.

Ni kitabu kidogo cha sura 13. Mapokeo yanasema mtunzi wake ni Sun Wu, maarufu kwa jina la Sun Tzu, jemadari wa mfalme Helü wa dola ya Wu. Mwaka 1972, makaburi ya zamani yalipofukuliwa Yinqueshan, katika jimbo la Shandong, vilikutwa vipande vya kitabu hicho vilivyoandikwa kwenye vijiti vya mianzi. Mtu akitarajia habari za panga na mikuki, sura ya kwanza itamshangaza. Kiongozi anaambiwa akae chini apime mambo matano kabla hajamtoa hata askari mmoja: iwapo watu wana nia moja naye, majira yakoje, ardhi ikoje, jemadari ni mtu wa namna gani, na utaratibu wa jeshi umeshika au umelegea. Aliyepima vizuri ameshinda kabla ya kupigana. Asiyepima huingia vitani kwanza, halafu ndipo aanze kutafuta njia ya kushinda.

Mpango wa karanga uliendeshwa hivyo hasa. Mwaka 1946 Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield. Kwa muda wa majuma tisa waliikagua Afrika Mashariki, sehemu kubwa wakiwa angani ndani ya ndege, kisha wakapendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 55 kati ya hayo yalipangiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, na Nachingwea ikawa kitovu chake. Kazi yenyewe ilichukua sura ya kijeshi. Miongoni mwa waliokabidhiwa usimamizi alikuwa Meja Jenerali Desmond Harrison, na vifaru vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta ya kung'olea miti.

Ardhi haikuwa imeulizwa. Kongwa, kulikoanzia kazi, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji na kuyala majembe ya chuma. Kusini msitu ulikuwa mzito, bandari ya kutosha haikuwapo, na reli ya kufika Nachingwea ilibidi ijengwe wakati kazi ya shamba ikiwa imekwishaanza. Wenyeji waliojua mvua inaanza lini na udongo gani unashika maji waliitwa kama vibarua, wala hawakuitwa kama washauri. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule na kufuta deni la takribani pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa baada ya uhuru, ikang'olewa. Kilichobaki ni uwanja wa ndege, majengo, na mashamba yaliyoendelea kuitwa kwa namba zake.

Moja ya mashamba hayo ni Farm 17, lililokuja kuwa kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, na wapiganaji wake wa kwanza walifundishwa Algeria, kisha Kongwa. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Kongwa ilikuwa mbali mno na mstari wa mbele. Mwaka 1965 Tanzania iliwapa wapigania uhuru hao makazi Nachingwea, ambako ukishapita Masasi kuelekea kusini unaukuta Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Kwa jambo la ardhi, uamuzi huo peke yake ulikuwa nusu ya kazi.

Wakufunzi wa Kichina walifika kambini hapo. Walitoka katika jeshi lililolelewa na maandishi ya Mao Zedong, naye Mao alimsoma Sun Tzu kwa makini. Katika mihadhara yake ya mwaka 1936 kuhusu vita vya mapinduzi alimtaja kwa heshima, hasa kwa fundisho la kumjua adui na kujijua mwenyewe. Kwa hiyo mawazo ya jemadari wa Wu yalifika Nachingwea yakiwa yamepitia mikononi mwa Mao: mnyonge asishindane na mwenye nguvu mahali palipo na nguvu zake, avute muda, na aishi ndani ya watu.

Samora Machel, aliyekuwa msaidizi wa hospitali kabla ya kuwa mpiganaji, alishika uongozi wa jeshi baada ya Filipe Magaia, aliyeushika kabla yake, kuuawa Oktoba 1966. Nachingwea aliifanya iwe shule zaidi kuliko kambi. Kijana wa Kimakonde alichanganywa na Mmakua na Mshangana, wakala chungu kimoja na kulala bweni moja. Asubuhi silaha, mchana darasa la kusoma na kuandika, na jembe lilikuwa na zamu yake. Katika ardhi iliyowashinda wataalamu wenye matrekta, wapiganaji walilima chakula chao kwa mkono. Sun Tzu alionya kwamba vita virefu huifilisi nchi kwa gharama ya kusafirisha chakula, hivyo kila gunia lililovunwa kambini lilikuwa gunia moja pungufu la kuomba.

Siasa ilifundishwa sambamba na shabaha. Askari alielezwa kwamba adui wake ni utawala wa kikoloni, asimhesabu adui kila mwenye ngozi nyeupe. Katika lugha ya Sun Tzu, hilo ni jambo la kwanza kati ya yale matano, yaani watu kuwa na nia moja na kiongozi. Bila hilo, nidhamu hushikwa kwa fimbo tu.

Kuhusu nidhamu, mwanahistoria wa kale Sima Qian anasimulia kwamba mfalme Helü alimjaribu Sun Wu kwa kumpa wanawake 180 wa jumba la kifalme awafundishe gwaride. Walipocheka amri, jemadari aliwakata vichwa wawili waliowekwa kuwa viongozi, na waliobaki wakanyooka. Nachingwea ilikuwa na wanawake wake. Mwaka 1967 wasichana kutoka ng'ambo ya Ruvuma walianza mafunzo ya kijeshi, na kikosi cha wanawake kikazaliwa. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, alikuwa miongoni mwa waliong'ara humo. Hawa hawakuhitaji kutishwa kwa upanga. Walibeba risasi kichwani kwa siku nyingi porini, wakalinda vijiji na kulea yatima wa vita, kwa sababu walijua wanakwenda wapi na kwa nini.

Mtihani mkubwa ulikuja Julai 1970. Jenerali Kaúlza de Arriaga aliwaingiza maelfu ya askari wa Kireno, ndege na helikopta katika nyanda za Makonde ili azing'oe kambi za FRELIMO. Kambi nyingi alizipata. Wapiganaji hakuwapata kwa idadi aliyotaka, kwa kuwa waligawanyika na kutoka njiani mwake, huku nguvu zao zikihamia Tete, mamia ya kilomita kutoka hapo, ambako Wareno walikuwa wanajenga bwawa la Cahora Bassa. Kufikia 1972 mapigano yalikuwa yamefika Manica na Sofala, katikati ya nchi. Sun Tzu alishauri jeshi liwe kama maji, yanayokwepa mlima na kushuka bondeni. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa Kireno waliochoka na vita vya makoloni waliipindua serikali yao Lisbon. Mkataba ulitiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975.

Historia ya Nachingwea ingekuwa tamu kama ingeishia hapo. Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, na ugomvi uliokuwa ukifukuta ukalipuka. Lázaro Nkavandame, mmoja wa viongozi wa FRELIMO, alijisalimisha kwa Wareno. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais, alitolewa katika chama. Mwaka 1975, majuma machache kabla ya uhuru, Simango na wengine walisimamishwa Nachingwea mbele ya umati na kulazimishwa kusoma maungamo. Baadaye Simango na baadhi yao waliuawa bila kufikishwa mbele ya mahakama. Mei mwaka huohuo wa 1975, Machel aliondoka kambini kuanza safari ya ushindi kutoka Ruvuma hadi Maputo.

Miaka miwili baadaye Msumbiji ilitumbukia katika vita vya ndani vilivyodumu hadi Oktoba 1992. Rhodesia, kisha Makaburu wa Afrika Kusini, walivichochea na kuvilipia. Hata hivyo vilipata pia watu wa kuvipigana ndani ya nchi, wakiwemo waliochoshwa na serikali iliyotawala wanakijiji kama kamanda anavyotawala kuruta.

Kiongozi wa leo, awe wa kijiji, wa chama cha ushirika au wa wizara, ana la kuchukua kutoka Farm 17. Apime kabla ya kuanza, awaulize wenye ardhi, ale wanachokula walio chini yake. Mawili ya kwanza Sun Tzu anayafundisha vizuri, na gharama ya kuyapuuza ilionekana kwenye karanga. Lakini kitabu chake ni cha kumshinda adui. Namna ya kukaa na ndugu asiyekubaliana nawe haimo katika zile sura 13, na kiongozi asiyejifunza hilo mahali pengine huishia kumtafuta adui miongoni mwa watu wake mwenyewe.