Ufuatilikaji: Neno Linalohitajika Kwenye Barabara ya Sake

Sake ni njia panda. Mji huu wa mashariki mwa Kongo upo kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Goma, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, na hapo barabara itokayo Bukavu kupitia Minova hukutana na ile inayoteremka kutoka Masisi na Walikale. Maharagwe, viazi, makaa na jibini la Masisi hupita Sake kwenda Goma. Magunia ya madini nayo hupita hapo hapo.

Gunia la koltani kutoka Rubaya, huko Masisi, likifika Sake, macho hayasaidii kitu. Mchanga mweusi, mzito, hauna sura ya mlima uliochimbwa wala ya mtu aliyeubeba mgongoni. Hata hivyo, kwa robo karne sasa kampuni zinazotengeneza simu, kompyuta na mashine za michezo ya video zimekuwa zikiulizwa: madini haya yalitoka shimo gani, nani alitoza ushuru njiani, na ushahidi uko wapi? Bidhaa yenye sifa ya kuweza kutoa majibu hayo inastahili kuwa na jina sahihi katika Kiswahili. Jina linalopendekezwa katika makala haya ni ufuatilikaji.

Ufuatilikaji ni uwezo wa bidhaa kufuatwa nyuma, hatua kwa hatua, kutoka kwa mtumiaji hadi ilikochimbwa, ilikolimwa au ilikotengenezwa, kwa ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua. Magazeti mengi ya Kiswahili huandika ufuatiliaji, na mijini Kivu waliosoma Kifaransa husema trasabilite. Neno la kwanza ni zuri, ila linataja kitu kingine. Ufuatiliaji hutokana na kitenzi fuatilia, nalo ni tendo la mtu: afisa anafuatilia, mkaguzi anafuatilia, shirika linaandika ripoti ya ufuatiliaji na tathmini. Ufuatilikaji hutokana na fuatilika, kauli ya kutendeka, na hutaja sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe. Kiswahili tayari kina ndugu zake: wataalamu wa lugha huzungumzia usomekaji wa maandishi na utafsirikaji wa matini. Mtu anaweza kusoma kwa bidii maandishi yasiyosomeka. Vivyo hivyo, kampuni inaweza kufuatilia kwa miaka mingi madini yasiyofuatilika.

Tofauti hiyo ina historia ndefu Masisi na Walikale, na historia hiyo inaanzia kwenye metali yenyewe. Koltani ni jina la kibiashara lililounganishwa kutokana na madini mawili, kolumbaiti na tantalaiti. Kinachotafutwa zaidi ndani yake ni tantali, elementi iliyogunduliwa na Msweden Anders Gustaf Ekeberg mwaka 1802, ambayo huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000 za Selsiasi. Unga wake hutengenezwa kuwa kapasita, yaani kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme na kuitoa kwa utulivu. Tabaka la oksidi juu ya tantali ni jembamba mno lakini imara, kwa hiyo kapasita ndogo kama punje inaweza kubeba chaji kubwa bila kuyumba joto likipanda. Vifaa vidogo vya kisasa vimeitegemea sifa hiyo kwa miongo kadhaa.

Mwaka 2000 mahitaji yalilipuka. Simu za mkononi zilikuwa zikienea, kompyuta zilikuwa zikiuzwa kwa wingi, na Sony ilizindua PlayStation 2 nchini Japani tarehe 4 Machi. Ilipofika zamu ya Marekani mwezi Oktoba, kampuni ilipunguza nusu ya mashine ilizokuwa imeahidi kwa siku ya uzinduzi, kwa sababu ya upungufu wa vijenzi. Wakati huohuo bei ya madini ya tantali ilipanda kutoka makumi machache ya dola kwa ratili hadi takriban dola 300 mwishoni mwa mwaka, kisha ikaporomoka mwaka 2001. Huko Kivu, kundi la waasi la RCD-Goma lililoungwa mkono na Rwanda ndilo lililotawala, na Novemba 2000 liliipa kampuni ya SOMIGL ukiritimba wa kusafirisha koltani nje. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu uporaji wa maliasili za Kongo, na koltani ikaingia katika kamusi ya wanahabari duniani.

Miaka michache baadaye baadhi ya waandishi waliibatiza enzi hiyo jina la vita vya PlayStation. Jina lilivutia wasomaji, lakini lilirahisisha mambo kupita kiasi. Mzalishaji mkubwa wa tantali wakati huo alikuwa Australia, na bei ilipandishwa pia na simu, kompyuta na wanunuzi waliolimbikiza akiba kwa hofu. Vita vya Kongo navyo vilikuwa na mizizi ya ardhi, uraia, wakimbizi na siasa za majirani. Lawama ikitupiwa mashine moja, msomaji anaambiwa kwamba akiacha kuinunua tatizo limekwisha. Jambo zito zaidi liliachwa bila kuulizwa: mbona hakuna mtu, hata ndani ya Sony, aliyeweza wakati huo kuonyesha kwa ushahidi ni tantali ipi ilitoka wapi? Kilichokosekana ni ufuatilikaji.

Sheria ilikuja tarehe 21 Julai 2010, pale Rais Barack Obama alipotia saini sheria ya mageuzi ya fedha inayojulikana kama Dodd-Frank. Kifungu cha 1502 kiliwataka wenye kampuni zilizosajiliwa katika masoko ya hisa ya Marekani waeleze kama bati, tungsteni, tantali na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Kivu watu waliiita sheria ya Obama. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na amri hiyo haikuondolewa hadi Machi 2011. Wachimbaji walikosa riziki, nao wanunuzi wengi wakubwa wa nje walijitenga na eneo zima badala ya kutafuta njia ya kununua kwa usafi.

Kampuni zilianza kupimwa hadharani. Agosti 2012 shirika la Enough Project la Marekani lilipanga kampuni 24 za vifaa vya elektroniki kwa juhudi zao, na Nintendo ikapata sifuri. Januari 2014 Intel ilitangaza kwamba vichakataji vyake vipya havina madini yanayogharimia vita. Mwaka huohuo ripoti za kwanza za kisheria ziliwasilishwa Marekani, na Sony, Microsoft na Apple ni miongoni mwa kampuni zinazoziwasilisha kila mwaka. Umoja wa Ulaya uliongeza kanuni yake, ambayo wajibu wake mkuu ulianza tarehe 1 Januari 2021.

Ulimwengu wa michezo ya video nao uliwahi kujisema wenyewe. Septemba 2011 mbunifu Paolo Pedercini, kupitia mradi wake Molleindustria, alitoa mchezo wa simu uitwao Phone Story. Hatua yake ya kwanza ilimweka mchezaji katika mgodi wa koltani Kongo, akilazimisha watoto wachimbe chini ya mtutu wa bunduki. Apple iliuondoa katika duka lake muda mfupi baada ya kutangazwa. Mchezo huo mdogo ulifanya jambo ambalo habari za uzinduzi wa vifaa hazikulifanya: uliuweka mgodi na skrini mahali pamoja.

Je, mfumo uliojengwa ili kujibu swali la madini yametoka wapi hufanya kazi vipi? Mfumo ulioenea zaidi, ITSCI, huanza kwa lebo ya plastiki yenye namba, ambayo wengi huiita etiketi. Gunia hufungwa lebo ya kwanza mgodini mbele ya afisa wa serikali, uzito huandikwa katika daftari, kisha mfanyabiashara wa kati huweka lebo ya pili kabla ya kuwauzia wasafirishaji. Kutoka hapo shehena huenda kwenye viwanda vya kuyeyushia nchini China, Kazakhstan, Ujerumani, Japani na kwingineko. Kampuni za vifaa huviuliza viwanda hivyo, na viwanda hukaguliwa kwa karatasi zao.

Udhaifu uko mwanzoni na katikati ya safari. Mwanzoni, lebo hufungwa kwenye gunia, wala haifungwi kwenye jiwe. Ikiuzwa kwa magendo, au ikifungwa mahali pasipo na uchimbaji wa kutosha, gunia chafu hupata karatasi safi. Ripoti ya shirika la Global Witness ya mwaka 2022 ilidai kwamba hilo lilikuwa likitokea kwa kiwango kikubwa, na ITSCI ikakana. Katikati, ndani ya tanuri, madini ya migodi mingi huyeyushwa pamoja. Wafugaji wa Masisi wanalijua hili bila kufundishwa: maziwa ya ng'ombe kumi yakishamiminwa katika debe moja, hakuna anayeweza kuonyesha tone la ng'ombe yupi ni lipi. Kuanzia tanuri kwenda mbele, kinachofuatwa ni nyaraka tu.

Ufuatilikaji wa madini yenyewe unawezekana, lakini kabla ya tanuri. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, ilitengeneza njia ya kupima alama za kikemia za koltani, bati na tungsteni. Kila amana ya madini ina mchanganyiko wake wa elementi na umri wake wa kijiolojia, kwa hiyo sampuli iliyotiliwa shaka inaweza kulinganishwa na kumbukumbu za migodi inayojulikana. Hapo ndipo gunia linapoulizwa lenyewe, badala ya kuuliza karatasi yake.

Walikale inaonyesha pande zote mbili, madini yasiyofuatilika na yanayofuatilika. Kilima cha Bisie, ambako kasiterite, madini yanayotoa bati, iligunduliwa mwaka 2002, kilikuwa kwa miaka mingi mgodi ulioshikwa na wenye silaha, na wabebaji walitembea msituni na magunia ya kilo 50. Madini yalisafirishwa kwa ndege ndogo zilizotua kwenye barabara ya lami ya Kilambo. Kampuni ya Alphamin imekuwa ikichimba hapo kwa mitambo tangu mwaka 2019, na mwaka 2024 ilizalisha zaidi ya tani 17,000 za bati, metali inayounganisha vijenzi kwenye saketi za karibu kila kifaa. Mgodi mmoja wenye mwendeshaji mmoja hufuatilika kwa urahisi. Hata hivyo, Machi 2025 Alphamin ilisimamisha kazi waasi wa M23 walipousogelea na kisha kuutwaa mji wa Walikale, na ilianza kurejea Aprili baada ya wao kurudi nyuma. Bati lake lilifuatilika vizuri, lakini hilo halikuwahakikishia wafanyakazi wake usalama.

Rubaya ni kinyume chake. M23 waliiteka mwishoni mwa Aprili 2024. Septemba mwaka huo Bintou Keita, wakati huo mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo hilo hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwishoni mwa mwaka kwamba waasi walikuwa wakikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza koltani, na kwamba angalau tani 150 zilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Rwanda imekana kuhusika. Desemba 2024 serikali ya Kongo ilifungua malalamiko ya jinai dhidi ya kampuni tanzu za Apple nchini Ufaransa na Ubelgiji. Apple ilipinga madai hayo na kusema kwamba imewaagiza wauzaji wake wasinunue tena madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Januari 2025 Sake yenyewe ilianguka mikononi mwa M23, siku chache kabla ya Goma. Mwezi uliofuata waendesha mashtaka wa Paris waliifunga kesi dhidi ya Apple kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Uamuzi huo wa Paris unafaa kusomwa kwa makini na kila anayeandika habari za teknolojia kwa Kiswahili. Ushahidi ukikosekana, haimaanishi kwamba madini ya kapasita zile hayakupita Sake. Maana yake ni kwamba mfumo uliopo haukuweza kuthibitisha upande wowote, na kampuni hunufaika na ukungu huo kuliko mchimbaji wa Rubaya. Nayo amri ya kuacha kununua eneo zima inarudia kosa la 2010: inaisafisha ripoti ya kampuni huku wachimbaji wakibaki na wanunuzi wa magendo pekee.

Ombi linakwenda kwa wahariri wa kurasa za teknolojia na michezo ya video huko Nairobi, Dar es Salaam, Goma na Kampala, na kwa BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, na wengine wanaosanifisha istilahi. Yatumieni maneno yote mawili, kila moja mahali pake: ufuatiliaji kwa kazi inayofanywa na kampuni na wakaguzi, ufuatilikaji kwa sifa ya madini. Na simu au mashine mpya ya michezo ikizinduliwa kwa sifa za kasi na picha, habari iwe na aya moja ya ziada inayoeleza ni viwanda gani viliyeyusha tantali yake, kama sampuli za madini zilipimwa kabla ya tanuri, na kama kampuni bado inanunua kwa wachimbaji wa Masisi au imewakimbia. Majibu ya kampuni yachapishwe yalivyo, na kampuni ikikataa kujibu, hilo nalo liandikwe.