Holga: Kamera duni inayoenziwa na wasanii wa picha

HOLGA ni kamera ya plastiki iliyoanza kuundwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikusudiwa wananchi wa kawaida nchini China, waliohitaji picha za familia kwa gharama ndogo. Hata hivyo, filamu ya milimita 35 ilipoenea, soko hilo lilididimia. Wasanii wa Ulaya na Marekani ndio walioiokoa.

Muundo wake ni sahili mno. Lenzi ya Holga ya kawaida ni ya plastiki, na umbali hukadiriwa kwa michoro ya mtu mmoja, familia, kundi la watu na mlima. Filamu moja, ya aina ya 120, hutoa picha 12 za mraba.

Kasoro zake ni nyingi. Pembe za picha huwa na giza, kingo hufifia na mwanga hupenya kwenye maungio. Aidha, usipoisogeza filamu baada ya kupiga picha, ya pili huangukia juu ya ya kwanza.

Ila kasoro hizo ndizo zimewavutia wasanii. Kabla ya Holga, Mmarekani Nancy Rexroth alitumia Diana, kamera nyingine ya plastiki kutoka Hong Kong, kupiga picha za kitabu chake, Iowa, kilichochapishwa mwaka wa 1977. Naye David Burnett alitumia Holga kumpiga picha Al Gore katika kampeni za urais za mwaka wa 2000. Picha hiyo ilituzwa mwaka uliofuata katika shindano la wapigapicha wa habari wa White House.

Je, kwa nini mtu aiache kamera ya dijitali? Kamera hiyo humruhusu kupiga mamia ya picha, kuzitazama papo hapo na kuzifuta. Mwenye Holga ana nafasi 12 pekee, na kila moja inagharimu pesa za filamu na za kuisafisha. Hulazimika kuamua kabla ya kubonyeza. Simu nazo zina programu za kuiga pembe zenye giza, lakini athari hiyo huongezwa na kuondolewa wakati wowote, ilhali ya filamu haifutiki.

Hii haimaanishi kuwa Holga inafaa kila kazi. Arusi hairudiwi, na mhariri wa habari hangoji filamu isafishwe.

Anayeanza atumie filamu ya kasi ya 400, apige picha juani na azibe maungio kwa utepe mweusi. Vilevile, akumbuke kuondoa kifuniko cha lenzi. Tundu la kuchungulia halipiti kwenye lenzi, hivyo anaweza kumaliza filamu nzima bila kupata hata picha moja.

Uundaji wa Holga ulisitishwa mwaka wa 2015, kisha ukarejelewa mwaka wa 2017.