Mtanzania au Mrundi? Jinsi ya kumpata mshauri nasaha kwa sisi tulio katikati

Siasa tuziweke pembeni kidogo. Tangu niandike kwamba nimezaliwa makazi ya Katumba, napata barua pepe za vijana wenzangu wanaouliza kitu kile kile: "Kaka, ulimpataje mtu wa kuongea naye?" Nimeona bora nijibu mara moja, kila mtu asome. Kama uko kafe na dakika zinakwisha, anza na namba 3 na 4, hizo nyingine utarudi.

1. Tatizo lenyewe

Babu alikimbia Burundi mwaka 1972. Wengi waliokimbia mauaji ya mwaka ule waliwekwa makazi ya Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo ambayo leo yapo mkoa wa Katavi. Watu kama 162,000 walikubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010, lakini vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Mi nilikuwa darasa la tano. Mzee alikitia cheti chake kwenye mfuko wa nailoni, akakifungia sandukuni. Nikajua mambo yamekwisha.

Wapi! Sekondari jina langu la ukoo likiitwa, nyuma ya darasa mtu anasema "mkimbizi", watu wanacheka. Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda Burundi kuwaona ndugu wa babu. Kirundi changu ni cha kuokoteza, basi watoto wa kule wakaniita "Mtanzania". Narudi huku, ofisi moja niliyopeleka fomu zangu karani ananiuliza, "Kwenu hasa ni wapi?" Nilishindwa kumjibu. Miezi kadhaa nikawa silali vizuri, namfokea mama bila sababu.

2. Ni ugonjwa?

Hapana. Ni mzigo, na mzigo ukikaa muda mrefu bila kutuliwa unaweza kukuletea ugonjwa. Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyetuletea maneno kuhusu mtu kuhangaika kujijua yeye ni nani, mwenyewe alipitia haya. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, mama yake Myahudi wa Denmark. Shuleni alitaniwa kwa Uyahudi wake, na sinagogini akataniwa kwa nywele zake za dhahabu.

Mwanasaikolojia wa Canada, John Berry, aligawa njia nne: kushika utamaduni wa kwenu pamoja na wa unakoishi, kuuacha wa kwenu, kujifungia na wa kwenu tu, au kukosa yote mawili. Kwa ujumla, wanaoshika yote mawili huwa na unafuu, na wanaokosa yote ndio huumia zaidi.

Halafu kuna Liisa Malkki, aliyekaa na wakimbizi wa 1972 miaka ya 1980, kitabu chake Purity and Exile kikatoka mwaka 1995. Aliona wa Mishamo walishikilia sana Uhutu wao na ukimbizi wao, ila waliojichanganya mjini Kigoma walikuwa na utambulisho zaidi ya mmoja, kutegemea mahali. Nilipojua hivyo nilishtuka. Kumbe tulishaandikwa kabla mi sijazaliwa!

3. Nani ni nani

- Daktari wa magonjwa ya akili: ni daktari kamili, anaweza kukuandikia dawa.
- Mwanasaikolojia: anakutibu kwa mazungumzo yenye mpango, wiki hadi wiki.
- Mshauri nasaha: wengi tulilisikia jina hili kwenye kupima virusi vya ukimwi, lakini kazi yake haiishii hapo.
- Afisa ustawi wa jamii: anasaidia mambo ya familia na kukuelekeza pa kwenda.

4. Wapi pa kuanzia

Anzia karibu. Kituo cha afya kinaweza kukupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii. Uliye chuoni, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Dar kuna Hospitali ya Taifa Muhimbili yenye idara ya magonjwa ya akili, Dodoma kuna Mirembe. Chini ya miaka 18, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Na kama unawaza kujidhuru, usisubiri: mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali leo leo.

5. Maswali ya kumuuliza kabla hujalipa

Umesomea wapi kazi hii? Bei gani kwa kikao, na kuna punguzo kwa asiye na kazi? Nitakayosema yanabaki hapa? Umeshawahi kumsaidia mtu mwenye wazazi wa makabila au nchi mbili? Tunaweza kuongea lugha ninayoitaka? Akikasirika kwa kuulizwa, huyo si wako.

6. Kwangu ilikuwaje

Wa kwanza alinisikiliza dakika kumi, akaniambia nisali, nisahau ya zamani. Kusali nasali, lakini kusahau nisahau nini, wakati hata historia yenyewe siijui? Sikurudi. Nilikaribia kukata tamaa kabisa.

Wa pili ni mama wa makamo, nilimpata kwa rufaa. Hakuniambia mi ni nani. Kikao cha tatu akaniuliza, "Mwanangu, baba yako amewahi kukusimulia babu alivyovuka?" Hajawahi. Akaniachia hiyo kama kazi ya nyumbani.

Ilinichukua wiki mbili kumuuliza Mzee. Alikaa kimya, nikadhani nimemuudhi. Halafu akaingia ndani, akatoka na ule mfuko wa nailoni, akakaa, akaanza kusimulia. Tuliongea mpaka usiku.

Sijapona vyote, nisiwadanganye. Ila siku hizi nikiulizwa kwetu ni wapi, nasema Katumba. Anayetaka zaidi, akae nimsimulie.

Haya, uwanja ni wenu. Kama unamjua mshauri mzuri mkoani kwako, taja hospitali au kituo, namba za simu za watu msiweke hapa. Na anayekuja kutukana kabila la mtu, maoni yake nayafuta.